Kibangwa: Pambo la Bahari katika Nchi Kavu

Sonara wa Ulaya hufua bizimu la dhahabu kwa umbo la nanga au jahazi, akalipachika yakuti na almasi, na bibi tajiri hulibandika kifuani ingawa hajapata kushika kasia maishani mwake. Pambo la bahari lililopita hilo kwa heshima lilivaliwa Unyamwezi, nchi ya miombo na vumbi, mwendo wa miezi mitatu au zaidi kutoka pwani. Burton na Speke waliondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba.

Pambo hilo ni kibangwa. Asili yake ni konokono wa Bahari ya Hindi, wa jamii ya Conus, ambaye akiwa hai huchoma kwa sumu. Upande mpana wa kombe lake hukatwa, ukasuguliwa juu ya jiwe hata ukawa kisahani cheupe chenye mviringo unaojizungusha ndani kwa ndani. Mtemi alikivaa kuwa alama ya enzi, pamoja na ngozi ya simba.

Mtu huweza kucheka kwamba watemi walithamini takataka za ufukweni. Kicheko hicho hakina haki. Dhahabu ilikuwamo katika ardhi ya Nzega, jirani na Tabora, wala haikuvikwa mtemi. Mgodi wa Golden Pride uliichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hata mwaka 2013. Kilichokuwa adimu bara ni bahari yenyewe. Tena haikuletwa na wageni peke yao: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa miguu yao kabla Waarabu hawajafanya makazi Kaze.

Lakini uadimu huo ulikuwa na bei, na hapa ndipo weupe wa kibangwa unapoingia doa. Livingstone, aliyevikwa kombe kama hilo na mtemi Shinte mwaka 1854, mbali sana kusini-magharibi, aliandika kwamba makombe mawili yalinunua mtumwa mmoja, na matano yalinunua pembe ya ndovu. Bei za Tabora zilikuwa nyingine, ila mizani ilikuwa ya namna hiyo: kilichoingia kilikuwa chepesi, kilichotoka kilikuwa kizito, na wengine walitoka wakiwa katika minyororo. Baadaye viwanda vya Ulaya vilifinyanga vibangwa vya kauri, vyeupe kupita vya kweli, na thamani ikashuka.

Tanganyika ilipofuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, kibangwa kilipoteza kiti chake, si wenyewe wake. Kipo katika nyumba za ukoo, na hutolewa siku ya tambiko. Vingine vimelala Ulaya katika makabati ya makumbusho, pamoja na kikaratasi chenye jina la aliyekichukua.