Bweni la Karibu na Nyumbani

Baba alikuwa karani katika shamba la kahawa pale Ruiru, na kwake shule ya bweni ilikuwa suala la hesabu tu, wala si fahari. Katika nyumba za wafanyakazi tulisoma kwa kibatari. Mafuta ya taa yakiisha, na masomo yameisha. Kahawa ikiiva, watoto tuliitwa kuchuma. Bwenini kulikuwa na stima, chakula cha uhakika na kengele isiyojali msimu wa mavuno.

Nilikuwa katika kundi la kwanza la mfumo wa elimu wa Kenya wa 8-4-4, tuliofanya mtihani wa KCPE mwaka 1985 na kuingia kidato cha kwanza 1986. Sanduku langu la bati lilifungwa juu ya matatu ya Thika, godoro likakunjwa juu yake, tukapita Juja kwa barabara nyembamba ya zamani. Safari yenyewe ilikuwa fupi, lakini nyumbani nilirudi likizo ilipofika. Mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alijua kazi yake: kuwachotea maji wa vidato vya juu, kula githeri asiulize kilichomo, na kutembea na ufunguo wa sanduku shingoni.

Utaratibu huo wa bweni ulikuwa mkongwe kuliko walimu wetu. King's College Budo ya Uganda ilifunguliwa 1906. Mang'u ilianzia Kabaa, Machakos, 1925, kabla ya kuhamishiwa upande wetu wa Thika. Alliance ikafuata Kikuyu 1926. Wamisionari waliiga shule za bweni za Uingereza, viranja wakiwemo, na walikuwa na sababu yao ya ziada: walimtaka mtoto awe mbali na mila za kwao. Baba alijua hilo. Alichukua stima, mengine akayaacha yapite.

Kisha Ruiru ikageuka. Mibuni iling'olewa, mashamba yakakatwa ploti, na ghorofa zikaota. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, madarasa ya serikali yalifurika, na wenye ploti wakafungua akademi zenye mabweni. Mimi na mke wangu tulikuwa tukitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi usiku. Hata barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, msongamano haukuisha. Kifungua mimba wetu tulimpeleka bwenini akiwa darasa la nne, ndani ya Ruiru hiyohiyo. Baba alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Kwani kwenu hakuna stima?"

Stima ilikuwapo. Watu wazima ndio tuliokosekana. Kizazi chetu kilipelekwa bwenini kwa sababu nyumba haikuwa na vitu. Wanetu walipelekwa kwa sababu nyumba haikuwa na wazazi. Leo bweni lina ngazi zake: akademi ya ploti upande mmoja, na upande wa pili shule za Nova Pioneer na Crawford ndani ya Tatu City, mji uliojengwa palipokuwa shamba la kahawa.

Serikali nayo ikaanza kusita. Novemba 2022 ilitangaza kwamba mabweni ya Gredi ya 1 hadi ya 9 katika mfumo mpya wa elimu yatafungwa, kisha agizo likalegezwa. Septemba 2024 moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21, na wazazi wengi wa mtaani kwetu wakawarudisha wadogo nyumbani. Kitinda mimba wetu, aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026, anasoma kutwa.

Sisemi mabweni yote yafungwe. Shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu hapo Thika mwaka 1946 hupokea wanafunzi kutoka pembe zote za nchi. Bila bweni, wengi wao wasingesoma. Mtoto wa mfugaji wa kaskazini vilevile. Lakini mzazi wa Ruiru anayelipa karo ya bweni lililo umbali wa kutembea kwa miguu ajiulize ananunua nini. Akiona ananunua saa zilizomezwa na kazi na foleni ya magari, basi shida yake iko kwa mwajiri na kwa wapangaji wa mji. Mwalimu wa zamu hawezi kuitatua, hata awe mwema namna gani.