Farumi ya Minnesota

Kwetu Lamu, mashindano ya mashua huishia kwa ubishi. Huku Minnesota ubishi tunaumaliza kabla boti haijatoka gatini, na tangu nianze kusimamia mashindano ya weksafingi nimeona kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mchezo wenyewe ni kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti. Mchezaji huanza ameshika kamba. Wimbi likishambeba, huitupa kamba botini akabaki na wimbi lake, karibu kabisa na shetri. Ndiyo maana pangaboi sharti liwe chini ya tumbo la boti, mbali na miguu yake. Mwendo ni mdogo, kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Wimbi linaletwa na uzito: boti hufyonza maji ya ziwa kwenye matangi, mara nyingi zaidi ya tani moja. Kumbe ni farumi, ile ile tunayoijua kwa mifuko ya mchanga, ila sisi tunaitia mashua isiyumbe, na hawa wanaitia ili boti izame nyuma na kuyatibua maji.

Majaji hawanisumbui. Wanatazama ugumu wa mitindo, wingi wake na ufundi wa kuiunganisha, wanaandika, basi. Shughuli iko kwa nahodha na farumi. Mwendo ukizidi kidogo, wimbi linarefuka na kulala. Mtu mmoja akihama kiti, aliye majini anahisi papo hapo. Kwa hiyo kila aliyemo botini ana kiti chake mpaka zamu zote ziishe. Nimewahi kumkatalia mfadhili aliyetaka mkewe apande apige picha. Alinuna wiki nzima.

Nilipomsimulia ami yangu, nahodha wa siku nyingi, alicheka mpaka akakohoa. “Sasa anayeshinda ni mtu au boti, mwanangu?” Kwao, kuitunza mashua, kuwapanga mabaharia na kuusoma upepo wa kusi ni sehemu ya ushindi. Namwelewa. Lakini hapa wote hushindana nyuma ya boti moja, kijana asiye na boti hupewa wimbi lile lile analopewa mtoto wa tajiri, na hilo nalipenda. Ingawa, tuseme kweli, boti mpya ya mchezo huu hupita dola laki moja, na huyo wa tajiri amefanya mazoezi kwa boti ya kwao msimu mzima.

Halafu kuna majirani wa ziwa, wanaolalamikia mawimbi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wa 2022 ulionyesha kuwa boti hizi sharti zikae zaidi ya futi 500 kutoka ufukweni ili mawimbi yake yafifie kama ya boti za kawaida. Vermont imeufanya umbali huo sheria tangu 2024, tena kila boti itangaze ziwa lake la nyumbani kwa mwaka. Ikitembea kwingine, isafishwe kwanza ndipo irudi, maana maji ya matangini hubeba viumbe vamizi. Mimi mwenye nyumba mbili niliisoma sheria hiyo nikacheka peke yangu.

Ninachokosa huku ni watu. Siku ya Maulidi Lamu, forodhani hapapitiki, na aliyeshindwa hutaniwa na watoto mpaka mlangoni kwake. Huku wazazi hupiga makofi kwa adabu, jioni boti ziko kwenye trela.

Likizo ijayo sitapeleka Lamu pendekezo la kupima farumi, ami atanifukuza. Napeleka jaketi za kuokolea, na kwa hizo, hata akibisha, atachoka yeye.