Adhabu Iliisha, Faili Likabaki

Mwaka 2015 nilikuwa nauza chai usiku Arua Park, katika mji mkuu wa Uganda, pale mabasi ya mkoa wa West Nile yanapopakia. Abiria wa Koboko na Arua hufika mapema na kulala juu ya mizigo yao, na mwenye chupa ya chai ya tangawizi hakosi wateja. Usiku mmoja ukafanyika msako. Wazazi wetu waliopitia miaka ya themanini wangeuita panda gari. Tulipakiwa sote tuliokutwa barabarani: wa chai, wa mahindi ya kuchoma, na wasichana waliokuwa wakimsubiri ndugu yao ashuke kwenye basi.

Kosa tulilosomewa ni uzururaji, kifungu cha 168 cha Sheria ya Makosa ya Jinai. Kifungu hicho kilimgusa mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya riziki inayoonekana na asiyeweza kujieleza vizuri. Mimi nilikamatwa nikiwa na vikombe mkononi na chenji kwenye kanga.

Kujieleza ndiko kulikonishinda, maana hapakuwa na wa kunisikia. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa kwa Kiganda. Wakati huo lugha zangu zilikuwa Kilugbara na Kiswahili, na Kiganda changu kilikuwa cha sokoni: bei, maji, asante. Mama niliyesimama naye kizimbani aliniminya mkono akaninong'oneza, "Itikia tu mwanangu, utakwenda nyumbani." Nikaitikia kwa kichwa. Nikapewa kazi ya kutumikia jamii, nikafagia uwanja wa kituo cha afya mpaka muda ukaisha, nikarudi kwenye chai yangu nikiamini yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwaka 2021 nilipata nafasi ya upishi mahali penye mshahara wa kila mwezi. Walitaka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, nikaipeleka. Wakataka cheti cha tabia njema, kile kinachotolewa na ofisi ya Interpol ya polisi, Kololo. Nilibonyeza vidole vyote kwenye wino. Alama za vidole hazisahau. Hukumu ile ikatokea. Bosi alinipokea kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. "Dada, mimi sina neno na wewe, lakini utaratibu ni utaratibu." Nyumbani nilisema nafasi zimejaa. Kwa muda mrefu sikuomba kazi yoyote iliyotaka karatasi, na nilipomwona mtu wa LC akipita na daftari lake nilikuwa naingia ndani. Mtu anayeishi hivyo hupungua kila siku bila mwenyewe kujua.

Tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu katika kesi ambayo Francis Tumwesige Ateenyi aliifungua mwaka 2018 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Majaji walivifuta vipengele viwili vya kifungu cha 168, kikiwemo kile nilichoshtakiwa nacho. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa nakanda unga, nikasimama na unga mikononi. Kwa hiyo jambo nililohukumiwa kwalo halikuwa tena kosa! Nilidhani jina langu limeshasafishwa.

Wakili wa msaada wa kisheria niliyemfuata alinieleza taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Hukumu ya mwaka 2022 haiendi yenyewe kwenye makabati kufungua mafaili ya zamani. Uganda haina sheria inayomruhusu mtu mzima kwenda kwa hakimu na kuomba kumbukumbu yake ya jinai ifungwe ati kwa sababu adhabu imekwisha na miaka imepita. Siku 14 za kukata rufaa zilikuwa zimepita zamani. Kulikuwa na njia moja: kuiomba Mahakama Kuu iliite faili, ilitazame kama hukumu ilifuata sheria, na kama haikufuata, iitengue. "Lakini kwanza," akasema, "tulione faili."

Kulitafuta faili ndiko kulikokuwa kazi. Masijala ile ilikuwa na mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba mpaka darini. Karani mmoja, kijana wa watu, alinizoea hata akawa akiniona mlangoni anasema, "Nnyabo, leo nimefika Juni." Akalipata. Nilitaka kuliona kwa macho yangu.

Maisha yangu yalikuwa nusu ukurasa wa mwandiko wa mkono. Mashtaka yamesomwa na kuelezwa. Mshtakiwa: Ni kweli. Anatiwa hatiani. Jina la mkalimani halikuwepo, wala lugha aliyotumia. Kati ya "Ni kweli" na "anatiwa hatiani" hapakuwa na neno hata moja la kusema nilikutwa wapi, nikifanya nini. Wakili aliweka kidole pale na kusema, "Hapa." Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza jinsi ya kupokea kukiri kosa: mashtaka yaelezwe kwa lugha mshtakiwa anayoielewa, jibu lake liandikwe karibu na maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama anakubali. Katiba yetu nayo, ibara ya 28, inampa mkalimani bila malipo asiyeielewa lugha ya mahakama. Mimi neno "kweli" sikulitamka kwa lugha yoyote.

Mahakama Kuu ilitengua hukumu na adhabu. Sitasahau nilivyoshuka ngazi kuelekea Constitution Square nikiwa na nakala yenye muhuri. Niliipeleka polisi ili kumbukumbu irekebishwe, na baada ya kufuatilia sana nikapata cheti safi. Ile kazi ya upishi ilishapata mtu. Leo napika kwenye shule moja ya msingi, na siku waliponiomba karatasi nilizipeleka zote asubuhi hiyohiyo.

Hata hivyo, tangu hapo kuna jambo linaloninyima usingizi. Mlango nilioupitia mimi ulikuwa kasoro ya mahakama. Jirani yangu aliiba gora la kitambaa dukani akiwa na miaka kumi na tisa, akakiri kwa lugha yake, akafungwa gereza la Luzira, akatoka, akalea watoto wanne kwa cherehani. Wakili alisoma faili lake lote: kila kitu kimeandikwa inavyotakiwa. Hana pa kupita. Tulirithi kutoka kwa Waingereza fikra ya sheria yao ya uzururaji ya mwaka 1824. Wenyewe mwaka 1974 walitunga sheria inayoiacha hukumu ya zamani ipoteze nguvu mtu akikaa miaka bila kosa jingine. Wakati huo sisi tulishajitawala miaka 12, na huruma ile haikuvuka bahari. Afrika Kusini wanayo njia ya kuomba kosa dogo lifutwe baada ya miaka 10. Sioni kwa nini Uganda ishindwe.

Siku hizi Jumamosi tunakaa na wanawake wa Arua Park na wa mtaa wa Kisenyi. Nawaambia: ukifika kizimbani na huelewi, sema huelewi, sema kwa sauti, na useme tena. Na mimi na jirani yangu tumemwandikia mbunge wetu. Tumeomba aliyemaliza adhabu ya kosa dogo, akakaa miaka bila kosa jingine, aruhusiwe kurudi kwenye mahakama ileile iliyomhukumu na kuomba faili lake lifungwe. Tumeomba iwe ileile kwa sababu kwa muuza chai nauli ni kitu, na Mahakama Kuu bila wakili ni mlima.