Gari la Viazi na Mgongo wa Mama

Katika nyumba nyingi za mikoani pikapu si gari la starehe. Hubeba mbolea asubuhi na viazi mchana, na usiku likitokea la kutokea ndilo huwa gari la wagonjwa. Harusi ni lenyewe, msiba ni lenyewe. Kwa hiyo akina mama wengi tumezoea kushuka tukiwa tumeshika kiuno na kusema, "Ndivyo lilivyo." Sisi wakaza mwana wawili wa nyumba moja, huku Njombe, tulisema hivyo kwa miaka mingi. Leo tungependa kuwashirikisha wasomaji wenzetu yale tuliyojifunza baada ya mama mkwe wetu kukataa kupanda.

Mama ana miaka 74. Mwaka jana alianza kuumwa mgongo, na kimo chake kikaonekana kupungua. Daktari alimpima akatueleza kwamba mifupa yake imepungua uimara, jambo linalowapata wanawake wengi baada ya kukoma hedhi, na kwamba pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Alimpa dawa, akashauri ale dagaa na kunywa maziwa, atembee kidogo kila siku, na aepuke mishtuko. Tena alitakiwa kurudi kila mwezi kupimwa shinikizo la damu.

Kutoka kwetu hadi hospitali ni kilomita 38, na zaidi ya nusu ni barabara ya changarawe yenye makorongo. Safari ya kwanza Mama alivumilia. Ya pili alirudi analia kimyakimya. Ya tatu alitukatalia. "Wanangu," alisema, "kliniki yenu ni nzuri, ila gari lenu litanimaliza kabla sijafika." Vidonge vya presha vilipokwisha, tukamkuta ameazima vya jirani. Hapo tuliogopa, maana dawa ya mtu mmoja si dawa ya mwingine. Basi linapita mbali na nyumbani, na bodaboda kwa mgongo ule haikufikirika. Ilibidi tulitazame gari lenyewe.

Kwa nini pikapu hurusha

Tulimwendea fundi mmoja mtu mzima, mtulivu, ambaye hakuanza kwa kufungua boliti. Alituuliza, "Mama zangu, gari hili hubeba kilo ngapi, na siku ngapi kwa mwezi?" Tukafungua daftari letu la biashara. Kati ya siku 26 za kazi, siku nane tu lilibeba viazi. Siku nyingine zote lilibeba watu na vikapu.

"Basi shida ndiyo hiyo," alisema. Akatuonyesha uvunguni. Nyuma ya pikapu nyingi, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, kwa kawaida kuna springi za vyuma bapa vilivyopinda kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine. Mafundi wengi huviita pleti. Ni ufundi wa tangu enzi za magari ya farasi. Hata Ford Model T ya mwaka 1908 ilikaa juu ya pleti. Hudumu, hutengenezeka kirahisi, na hustahimili uzito mkubwa. Lakini springi iliyotengenezwa kubeba tani moja haiwezi kulegea kwa ajili ya mabibi wawili na kikapu cha mayai. Gari likiwa tupu pleti hubaki zimekaza, na kila shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Ni kama godoro lililoshindiliwa kwa ajili ya mtu mnene, kisha akalazwa mtoto: yeye huliona ni ubao.

Akaongeza jambo ambalo wengi hatulijui. Springi hupokea pigo, lakini haijui kutulia. Ikishabonyea hutaka kuruka tena na tena. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu, ile bomba yenye mafuta ndani. Shokapu ikifa, gari huendelea kudunda baada ya shimo kupita. Za kwetu mbili za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta kwa nje, dalili kwamba zinavuja. Na bushi, yaani zile raba zilizo kwenye ncha za springi, zilikuwa zimekatika hata chuma kikawa kinagonga chuma.

Tulivyoanza na vya bei ndogo

Fundi alituzuia kukimbilia dukani. Kwanza alipima upepo wa matairi. Tulikuwa tunayajaza kwa kiwango cha mzigo siku zote, kama wafanyavyo madereva wengi wa viazi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva pikapu nyingi zina kibandiko kinachoonyesha upepo unaofaa, na aghalabu hutofautisha siku za mzigo na siku za kawaida. Kufuata kibandiko hicho hakuna gharama. Ila gari likipakia lazima upepo urudishwe, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hupata joto na kupasuka.

Pili, aliuliza Mama hukaa wapi. Alikuwa anapenda kiti cha nyuma ili ajinyooshe. Kiti hicho kiko karibu na ekseli ya nyuma, ambako kurushwa ni kukubwa. Mahali penye utulivu zaidi ni katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo Mama alihamishiwa mbele, na baba wa nyumba akaenda nyuma. Alinung'unika kidogo, lakini alikwenda.

Tatu, tukanunua shokapu mpya za gesi na bushi mpya. Zipo bushi za plastiki ngumu zinazosifiwa kwa kudumu, lakini kwa anayetafuta ulaini, raba ya kawaida hunyamazisha mtikisiko vizuri zaidi. Baada ya hatua hizo gari liliacha kudundadunda. Hata hivyo, makorongo bado yaligonga. Mama alijaribu kwenda hadi sokoni akasema, "Afadhali." Kwetu neno hilo maana yake ni "bado."

Springi mpya na magunia mawili

Hapo ndipo tulipofika kwenye uamuzi mgumu. Yapo makampuni yanayouza springi za nyuma kwa kufuata uzito ambao mwenye gari hubeba. ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975, ni mojawapo. Springi zake huitwa Old Man Emu. Mnunuzi huchagua seti ya gari jepesi, ya mzigo wa wastani, au ya mzigo mzito wa kudumu. Tulishauriwa tuchukue seti laini kuliko ile ya zamani. Lakini seti laini maana yake ni mzigo mdogo. Tulikuwa tunapakia magunia tisa ya kilo 100. Sasa yangekuwa saba.

Tuliuliza kuhusu mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chesisi. Fundi akatueleza wazi: mifuko hiyo husaidia gari lisikae matako likiwa na mzigo, lakini springi ngumu ikibaki pale pale, gari tupu halitakuwa laini. Kinachoongeza nguvu hakiwezi kupunguza ukali. Tukauliza kama anaweza kuchomoa pleti moja tu, jinsi wafanyavyo wengine. Akatikisa kichwa. Pleti zimepangwa kusaidiana. Ukitoa moja, zilizobaki hubeba kisichokuwa chao, na siku ya mzigo huweza kuvunjika njiani.

Jioni hiyo tulikaa kikao cha nyumbani. Mabwana zetu walipiga hesabu ya ada za shule. Gharama yote ilikuwa sawa na magunia kumi na manane ya viazi, mbali na mawili yatakayopungua kila safari. Hawakuwa wabaya; hesabu ilikuwa ya kweli. Mama naye alisema kutoka jikoni, "Msile hasara kwa ajili yangu. Mimi ni mtu wa kupita." Mkubwa kati yetu akamjibu, "Mama, mgongo huo ulibeba watoto wetu wote. Acha sasa viazi vingine vibaki ghalani." Hakuna aliyeongeza neno. Tulikubaliana kwamba msimu wa mavuno tutaongeza safari, na kitenge cha Krismasi kitasubiri.

Pamoja na springi tuliweka raba nene zenye uwazi ndani, mahali pa zile ndogo zinazozuia ekseli isigonge chesisi. Siku ya mzigo ekseli huzikuta raba hizo mapema, nazo hubonyea polepole badala ya kugonga kwa kishindo.

Mambo ya kusimamia gereji

Tulikaa gereji kutwa nzima, na tunawashauri akina mama wenzetu mfanye vivyo hivyo. Hakikisheni boliti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli ni mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Boliti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, si likiwa juu ya jeki. La sivyo raba hukaa imejipinda na kukatika mapema. Baada ya kilomita 500 hivi mrudi, boliti zikaguliwe na kukazwa tena.

Na kama gari litainuka nyuma au kushuka, mwulizeni fundi habari za breki. Pikapu nyingi zina valvu iliyounganishwa na ekseli, ambayo hupima mzigo kwa kutazama nyuma imeshuka kiasi gani, kisha hugawa nguvu za breki. Kimo kikibadilika, valvu hiyo hudanganyika, kwa hiyo lazima irekebishwe. Taa za mbele nazo zipimwe, zisije zikawapofusha wanaokuja.

Ni mwezi wa tano sasa, na Mama hajakosa kliniki hata mara moja. Gari halijawa teksi ya mjini. Kwenye matuta bado tunapunguza mwendo hadi karibu kusimama, na siku za mvua tunaahirisha safari. Mgongo wake haujapona kabisa, maana springi haitibu mifupa. Lakini presha yake imetulia kwa dawa zake mwenyewe, na mwezi uliopita, tukitoka hospitali, aliomba tumpitishe kwa binti yake ambaye hakuwa amemtembelea kwa karibu mwaka mzima. Aliposhuka alilalamikia vumbi tu.

Tumezoea kudhani kwamba mambo ya uvunguni mwa gari ni ya wanaume. Lakini anayejua nani nyumbani anaumwa, na ameacha kwenda wapi kwa sababu ya maumivu, mara nyingi ni mama. Mwulizeni fundi. Akieleza msipoelewa, mwombeni aeleze tena.