Chozi Yupi?

Baba yangu alipoanza kupungukiwa na nuru ya macho kwa maradhi ya mtoto wa jicho, alikuwa na ada ya kukaa barazani kila asubuhi, uso ameuelekeza kwenye migomba ya uani. Siku moja ikasikika sauti nyembamba juu ya ua la mgomba.

"Ndege gani huyo, mwanangu?" aliniuliza.

"Chozi tu, Baba."

"Chozi yupi?"

Nikanyamaza. Macho yangu yalikuwa mazima, na jibu sikuwa nalo.

Jina hilo moja la chozi limewakusanya ndege wengi. Wapo wanaometameta, na hao hawahitaji kutafutwa. Mng'ao wao hutokana na jinsi umbile la unyoya linavyoucheza mwanga, hata ndege akigeuka kidogo tu huonekana mweusi. Lakini hapa Unguja wapo pia wawili wasio na pambo la wazi. Mmoja ni wa kijivu, ambaye Waingereza wamemwita kwa rangi ya panya. Wa pili ni wa kijani kilichofifia, mfano wa zeituni. Kivulini, wote wawili huonekana kama vumbi lenye mbawa. Kumbe kila mmoja ana kishungi cha manyoya pale bawa linapokutana na kifua: wa kijivu ana chekundu, wa zeituni ana cha manjano. Bawa likifungwa, kishungi hufichika kama kitu kilichobanwa kwapani. Hufunuliwa wakati wa uchumba, au wakati wa ugomvi.

Wala si pambo la bure. Mwaka 1992 watafiti Evans na Hatchwell walichapisha uchunguzi wao juu ya chozi wa aina nyingine, mwenye vishungi vyekundu, aishiye juu katika Mlima Kenya. Madume walioondolewa vishungi walipoteza sehemu ya milki zao za maua. Waliokuzwa vishungi walizipanua. Kijinyoya tunachokipita bila ya kukiona, kwa ndege wenyewe ni hati ya shamba.

Nilikaa chini ya migomba siku kumi na moja. Niliazima darubini, nikaiweka kando, maana kila nilipoinyanyua ndege alikwisharuka. Nikajifunza kutulia, kulitazama ua badala ya kumfuata ndege, na kungoja mpaka wawili waligombee. Siku ya kumi na mbili wakaja. Mmoja alijinyoosha, akainua mbawa, na kwa muda usiotosha kutamka bismillahi likazuka doa jekundu ubavuni mwake, kisha likazimika.

Nikaenda barazani. "Ni wa kijivu, Baba. Na kwapani ana nyekundu."

Alikaa kimya kitambo. "Nilimwona mara moja tu, udogoni," alisema. "Niliwaambia wenzangu wa chuoni, wakaniita mwongo. Mwisho nami nikaamini kuwa nilidanganyika."

Hakupata kumwona tena kwa macho yake. Lakini asubuhi ile alinitaka nimsimulie mara tatu: ameinuaje mbawa, wekundu ulikuwa wa namna gani, ulikaa muda gani. Nami nilimsimulia kwa uangalifu wa shahidi aliye mbele ya kadhi. Tangu hapo naona uzito kulitamka neno "tu" baada ya jina la kiumbe chochote.