Katwe, Ambako Gari Kuukuu Hurudishiwa Sauti Yake

Mtu atokaye katikati ya Kampala kuelekea Entebbe huusikia mtaa wa Katwe kabla ya kuuona. Nyundo hulia huko tangu asubuhi. Masufuria, majiko na milango ya chuma hutoka mikononi mwa mafundi wake.

Nilifika huko pamoja na mjomba wangu, askari polisi mstaafu, tukiwa katika Peugeot 404 yake. Magari ya aina hiyo yalianza kuuzwa mwaka 1960, nayo yalishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Injini ya mjomba ilikuwa nzima, lakini gari lilinguruma kama tingatinga, na kila safari watoto wa kiti cha nyuma walilalamika kuumwa kichwa.

Fundi, mzee mwenye mvi, alilala chini ya gari kwa muda mrefu. "Afande," akasema alipoinuka, "kelele ni aibu tu. Vichwa vya watoto ndiyo hatari. Bomba la moshi limetoboka, na sakafu juu yake imeoza."

Akatueleza kwamba moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu isichukue oksijeni. Mtu aweza kusinzia asiamke.

Mjomba alitaka kiraka, mzee akakataa. Gereji moja ilikuwa imefunga bomba nene la lori. Mzee aliling'oa, akapima kipande cha asili kilichosalia karibu na injini, akachagua bomba la unene huohuo. Alilijaza mchanga mkavu, akalipasha moto na kulikunja polepole, lisibonyee. Kazi ya kuchomelea aliifanyia mbali na tangi la petroli. Kisha akaweka sailensa na gasketi mpya, akalining'iniza bomba kwa mipira ili mtikisiko usilivunje, na sakafu akaiziba kwa bati.

Mwishowe aliwasha injini ikiwa baridi, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa nukta chache, akasikiliza. Hapakuwa na mfoko popote.

Ndugu msomaji, gari lako likibadili sauti, usingoje malipo ya mwisho wa mwezi. Fungua madirisha, ulipeleke kwa fundi.

Tuliporudi jioni, watoto walisinzia nyuma. Mara hii hatukuuogopa usingizi wao.