Upande wa Pili wa Chapati ya Maji

Chukua chapati ya maji iliyotoka jikoni sasa hivi, kabla hujaikunja na kuichovya kwenye chai, uitazame kwa karibu. Karibu kweli, mpaka pua ipate joto. Ina nyuso mbili zisizofanana. Upande ulioanza kugusa kikaango umetanda kahawia, umechorwa mistari kama ramani ya mito. Upande wa pili umepauka na una madoa madoa, kama chui aliyefuliwa sana. Pembeni kabisa kuna ule ukingo mwembamba kama lesi, unaokatika kwa mlio. Huo ndio tuliokuwa tunaugombania nyumbani.

Kinachochora yote hayo ni maji. Ukimimina uji wa unga kwenye chuma cha moto, maji ya chini yanageuka mvuke, na mvuke lazima utafute pa kutokea. Ukipenya juu unaacha vishimo. Ukinaswa chini unainua chapati isiguse chuma. Palipo na maji, joto halipandi sana kupita nyuzi 100, na rangi ya kahawia inataka kama 140. Kwa hiyo palipogusa chuma pakakauka panapata rangi, palipoinuliwa panabaki peupe. Ukigeuza, upande wa pili umeshaanza kuganda ukiwa na vilima na mabonde. Vilima tu ndivyo vinavyogusa kikaango, basi ndiyo hayo madoa. Watu wa kemia wanauita mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilibeba chapati mbili darasani kwa ajili ya somo la joto. Kidato cha pili hawakuniachia hata ukingo.

Mama yangu, ambaye ametusomesha kwa chapati hizi, siku hizi hazitazami. Anazipapasa. Anapika saa kumi na moja alfajiri, na kwenye mwanga hafifu macho yake hayamsaidii tena. Akipitisha vidole, upande ukiteleza umeiva, ukinata bado.

Ilianza kwa kugonga miimo ya milango na kumwagia chai wateja waliokaa pembeni yake. Mbele anaona vizuri tu, meseji zangu anasoma mwenyewe, ndiyo maana hatukushtuka mapema. Majirani walisema mtoto wa jicho. Hospitali wakasema glakoma, ile wengi tunaiita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na yanayotakiwa kutoka muda wote. Yasipotoka vizuri, presha inapanda na kuuumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni wa pembeni ndio unaotangulia kuondoka, na ukishaondoka haurudi.

Sasa hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walilinganisha aina 14 za pankeki kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakichunguza uzito wa uji na jinsi mvuke unavyotoka na kuchora ule uso. Walikuwa wanatafuta nini? Namna vimiminika na mvuke vinavyopita kwenye tabaka laini, ili kuboresha upasuaji wa glakoma! Nilimpigia mama usiku huohuo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hizo 14 alikula nani?"

Matone ya macho ni kila siku, bila kuruka. Chupa huwa haisubiri bumu liingie. Nikimuuliza anajibu, "Bado ipo, mwanangu, wewe soma." Siku hizi simuulizi yeye, namwambia mdogo wangu aitikise chupa akiwa kwenye simu, nisikie. Watoto wa mgonjwa nao wanatakiwa kupimwa, maana ugonjwa huu unapita kwenye familia. Mimi nimepimwa, presha iko sawa, nimeambiwa nirudi kila mwaka. Kupima kwenyewe hakuchukui muda, kinachochosha ni benchi.

Daktari anataka kumfanyia upasuaji jicho la kushoto, amfungulie maji njia nyingine ya kutokea. Hautarudisha kilichopotea, ni kulinda kilichobaki. Mama alikataa mara mbili. Hakusema anaogopa kisu, alisema, "Nani atapika?" Mara ya tatu alikubali. Tarehe imeangukia wiki yangu ya mitihani, na sijajua nitafanyaje.

Mdogo wangu ameshaanza kujifunza kumimina. Chapati zake bado nene, na chini zina mabaka meupe pale mvuke uliponaswa. Jumamosi mama alipapasa moja pande zote mbili, akairudisha kwenye sahani, akamwambia aongeze maji.